Ramani Iliyosema Hatupo

Wanawake wa kikundi cha mwani cha Matemwe walikaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu, magoti yakigota videvu, wakingoja kuambiwa waliloitiwa. Kumbe waliitiwa bahari. Kampuni moja ya hoteli ilikuwa imeomba ipewe kipande cha maji kilicho mbele ya miti ya mivinje, kuanzia ufukweni hadi karibu na mwamba, ijenge gati la mbao na vyumba vya wageni juu yake. Kipande hicho ndicho shamba lao. Mama zao walipanda mwani hapo, na wao wakarithi vigingi na maumivu ya mgongo.

Bwana Ubwa, wakala wa kampuni, alikuwa ametundika shuka jeupe ukutani. Mashine yake, iliyoendeshwa na kijana mwenye miwani, ikamulika juu ya shuka lile picha ya kijiji kizima kama kunguru anavyokiona kutoka juu, na kila mahali vitone vyekundu: njiani, kisimani, dukani, msikitini.

"Kila kitone ni mtu," alisema Ubwa kwa sauti ya mtu aliyeshiba. "Huu ni mwaka mzima, si siku moja. Sasa tazameni huku baharini. Mnaona kitu?"

Hawakuona kitu. Bahari ilikuwa buluu tupu.

"Basi ndiyo hivyo. Bahari hii haina watu."

Mwanakheri, aliyekaa mbele kwa sababu hakuwahi kukaa nyuma maishani mwake, alidakia. "Haina watu? Na huu mgongo wangu umepindwa na nini, ngoma?"

Wanawake wakacheka. Ubwa naye akacheka, maana alikuwa mtu wa adabu, na adabu ya namna ile Mwanakheri aliichukia kuliko matusi. Akanyoosha kijiti chake kwenye doa moja kubwa jekundu pwani, chini ya mivinje. "Akina mama, kampuni imewaona. Imeona kwamba maji yakipwa mnapenda kuja kupumzika hapa kivulini. Itawajengea mabenchi."

Hapo ndipo Mwanakheri alipolielewa lile doa, akatamani kulia na kucheka kwa pamoja. Lile doa halikuwa watu. Lilikuwa ndoo.

Simu na maji ya chumvi havipatani, na mwanamke aliyeinama maji yakimfika kiunoni hana mfuko wa kuaminika. Kwa hiyo kila walipokwenda shamba, simu zote zilitiwa kwenye ndoo moja yenye mfuniko, zikaviringishwa kanga, zikaachwa chini ya mvinje. Mlinzi wa ndoo alikuwa Saadiya, shoga yake Mwanakheri tangu utotoni, ambaye magoti yake yalishakataa maji. Wenye simu walikuwa ndani ya bahari wakifunga mwani kambani. Simu zilikuwa kivulini, zikipumzika.

Mwanakheri alisimama akayasema hayo yote. Ubwa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bi, mashine haina chuki na mtu," alijibu. "Na vitone hivi hatukuviokota jaani. Vimetoka kwenye simu zenu wenyewe, kwenye ile programu ya maji mliyoiweka, mkabonyeza nakubali."

Darasa zima likageuza shingo kumtazama Mwanakheri. Programu ya maji, ile inayoonyesha saa ya kupwa na saa ya kujaa, ni yeye aliyeileta. Aliipata bure, akaipenda, akapita nyumba hadi nyumba akiiweka kwenye simu za wenzake, akiwacheka waliong'ang'ania kutazama mwezi. Saadiya alimwambia wakati ule, "Mie maji hayajanidanganya hata siku moja. Hiyo simu yako imelima mwani lini?" Mwanakheri akamwita mshamba.

Afisa aliyetoka wilayani kusikiliza, mwanamke kijana aitwaye Rahila, alikuwa akiandika bila kuinua uso. Alisema kikao kitarudi Jumamosi ijayo na hapo ndipo shauri litakapokatwa. Wenye pingamizi wachague msemaji.

"Msemaji yupo," alisema Saadiya, bado akimtazama shoga yake. "Wewe ndiwe uliyetutia, na wewe ututoe."

Siku ya pili yake Mwanakheri alivaa baibui lake la kutokea, akenda mjini, mtaa wa Malindi, kwenye ofisi iliyoitengeneza ramani. Ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vyombo, ngazi zake zimelika katikati kwa miguu ya watu. Alimkuta kijana mwenye miwani, Abdulrazak, yuleyule aliyekuwa akiiendesha mashine ya Ubwa. Kijana alinyanyuka.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nnataka unieleze mlivyonipata. Unieleze taratibu, mie si mjinga, lakini nna hasira."

Abdulrazak alimvutia kiti. "Ile programu ni bure, siyo?"

"Bure kabisa."

"Aliyeitengeneza anakula wapi?"

Mwanakheri hakuwa mgeni wa biashara. Ameshapatana bei ya mwani na wanunuzi wa kila namna, hajawahi kupewa hata kamba ya bure asijiulize mtoaji anataka nini. Kwa simu hakuuliza.

"Anakula kwenye matangazo," kijana aliendelea. "Yale yanayojitokeza chini ukitazama maji. Sasa mwenye bidhaa hataki kutangaza ovyo. Anataka kujua anayetazama ni nani, yuko wapi, analala wapi, anapita duka gani. Kwa hiyo programu ikikupa saa ya maji, na yenyewe inachukua pahala ulipo. Hata ukiifunga, huwa inachungulia. Habari hizo inazipeleka kwa wenye matangazo, nao wanamuuzia mwengine, na yule anamuuzia mwengine. Sisi tumenunua kwa huyo wa mwisho."

Mwanakheri akakumbuka matangazo aliyokuwa akiletewa: hoteli. Kila siku hoteli, tena za Matemwe, bwawa la kuogelea na mzungu amelala kifudifudi, *njoo ujionee pwani ambayo hujapata kuiona*. Aliona ni upuuzi wa simu. Kumbe simu ilijua yuko Matemwe, ila ilidhani ni mgeni.

"Jina langu mnalo?"

"Hapana, Bi. Majina hamna. Kuna alama ya simu tu."

"Basi hamnijui."

Kijana alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Simu inayolala nyumba moja kila siku haihitaji jina."

"Na pale nilipobonyeza nakubali?"

"Ndipo uliporuhusu."

"Palikuwa na maandishi ya Kizungu, madogo kama chawa!"

"Kila mtu hubonyeza, Bi. Hata mie nnabonyeza."

Ukweli huo ulimtuliza kidogo, akamwona kijana ni mtoto wa watu. "Haya niambie la haki. Vile vitone ni watu?"

"Ni simu. Tuliambiwa tuonyeshe simu zilipo."

"Basi njoo useme hivyo Jumamosi."

Abdulrazak alitazama mlango. "Nna kazi hapa, Bi," alisema kwa sauti ndogo, na mlangoni, kweli, alikuwa ameshasimama Bwana Ubwa na harufu yake ya udi.

Ubwa alimkaribisha kwa heshima zote. Alisema kampuni haina ugomvi na wanawake, tena imewaandalia zawadi: mifuko ya plastiki isiyopitisha maji, bure, ya kuning'iniza shingoni. Waende na simu zao baharini, na ramani ya mwakani itawaonyesha.

"Na mwakani gati lenu litakuwa limesimama wapi?" Mwanakheri aliuliza. "Juu ya vichwa vyetu? Tena hilo nnaliacha. Ili mie nihesabike nipo kwenye bahari yangu, ati nivae kengele shingoni kama mbuzi?"

Ubwa hakukasirika. Alimpa Abdulrazak ishara, ramani ikafunguliwa, ikateremka kusini, ikapita mji, ikasimama Kiembe Samaki. Kitone kimoja, nyumba moja, nyuma ya msikiti.

"Kuna simu inayolala Matemwe," alisema Ubwa. "Lakini kila mwani ukishauzwa, huja mjini, ikateremka huku, ikashinda kutwa kwenye nyumba hii. Nimeuliza nyumba ya nani. Nimeambiwa ya Bi Mashavu, mjane wa Nahodha. Mie sina neno, Bi. Lakini nnasikia wenzako hawalijui hilo, na mtu akisimama kikaoni huulizwa mengi. Pengine ni bora wewe upumzike, aseme mwengine. Au asiseme mtu."

Mwanakheri alishuka zile ngazi akiwa ameshika ukuta. Aliona aibu ya aliyevuliwa nguo sokoni, na nyuma ya aibu ikaja hasira, na hasira ndiyo iliyomfikisha barabarani.

Nahodha alikuwa mume wake kabla hajawa wa mtu mwengine. Alipomuoa Mashavu, Mwanakheri alisimama kisimani mbele ya wanawake wote wa Matemwe, akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga kizingiti cha Mashavu mpaka siku ya kiama. Wanawake walimpigia vigelegele. Wakamsusa Mashavu kwa ajili yake, hawakumwalika harusini wala hawakwenda kwake matangani, mpaka yule mwanamke akahamia Kiembe Samaki. Kisha Nahodha akafa. Kisha Mashavu akapigwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala, na habari zikamfikia Mwanakheri kwamba hana wa kumgeuza kitandani. Alikwenda mara moja, akijiambia anakwenda kutazama tu. Tangu hapo hakuacha. Alimwogesha, alimpaka mafuta, alimsuka nywele, na akirudi Matemwe husema alikuwa sokoni Darajani kununua kamba. Kiburi chake hakikumruhusu kusema kwamba kiapo kimevunjika, na Mashavu mwenyewe alimwomba asimwambie mtu.

Sasa amejua Ubwa. Lililomuuma Mwanakheri zaidi ni hili: mashine ile ilimkosa mchana kweupe kwenye kazi anayotaka ijulikane, ikamkuta kwenye mlango alioingia kwa kujificha.

Hakurudi Matemwe. Alikwenda moja kwa moja Kiembe Samaki, akamkalisha Mashavu kwenye mito, akamweleza yote huku akimsugua mkono uliolala.

"Nikinyamaza, shamba linakwenda," alimaliza. "Nikisema, watu watajua hali yako. Siri hii si yangu peke yangu, Mashavu. Ndiyo nimekuja kuuliza."

Mashavu alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo, polepole, lakini ulimi wake haukuwa umepoteza makali. "Sitaki watu wa Matemwe wajue nnaoshwa kama kichanga."

"Nnajua."

"Huyo mwanamme, kajua kwa nani?"

"Kwa simu yangu."

"Wangapi wanajua?"

"Kila aliyenunua."

Mashavu alifumba macho. Ndege ikapita juu ya paa kwenda kutua, vyombo vikatikisika, wakangoja ipite.

"Basi sema," alisema. "Lakini useme wewe, kwa mdomo wako, mbele yao. Isiwe yeye. Na usinifanye maskini."

"Wewe maskini?" Mwanakheri alimjibu akimfuta jicho. "Umeninyang'anya mume, na sasa nnakusuka nywele. Maskini ni mie."

Mashavu alicheka mpaka akakohoa.

Jumamosi darasa lilijaa. Shuka lilitundikwa, bahari buluu ikawekwa ukutani, Abdulrazak akakaa nyuma ya mashine yake bila kumtazama mtu. Rahila alipouliza msemaji wa pingamizi ni nani, Mwanakheri alisimama, na Bwana Ubwa akainua mkono kabla yake.

"Samahani, afisa. Kabla Bi hajasema, ingefaa tujue kama anayesema kwa niaba ya wenziwe ni mkweli kwa wenziwe. Ningependa kumuuliza jambo dogo kuhusu safari zake za mjini."

"Usijisumbue," alisema Mwanakheri. "Nnalisema mwenyewe."

Aligeuka akawapa mgongo Ubwa na ramani yake, akawaelekea wanawake.

"Mnakijua kiapo changu cha kisimani. Nimekivunja zamani. Mashavu amepigwa na kiharusi, na mie ndiye nnayemuogesha. Nikikwambieni nnakwenda kununua kamba, nnakwenda kwake. Nimekudanganyeni, na Mungu anisamehe kwa uongo. Kwa kumuogesha siombi msamaha kwa mtu. Mashavu amenipa ruhusa niseme. Huyu Bwana hakupewa ruhusa na mtu. Kanunua. Nilipokwenda Malindi akanionyesha nyumba ile ili ninyamaze, mumpe bahari."

Saadiya alinyanyuka kwa shida juu ya magoti yake mabovu. "Mwanakheri! Miaka yote hii mie simwamkii Mashavu kwa ajili yako! Nilimpita hospitali nikageuza uso!"

"Nani alikwambia ugeuze?"

"Wewe! Kisimani!"

Darasa likapasuka kwa kicheko, wengine huku wanafuta machozi. Saadiya hakucheka. Alimtazama shoga yake kwa muda, kisha akamgeukia Ubwa, na uso wake ukawa mwengine kabisa. "Na wewe, mwanamme mzima, kazi yako kuvizia nani kaingia nyumba ya nani? Kwetu mtu wa hivyo tuna jina lake. Nasitiri kwa kuwa hapa ni skuli ya watoto."

Mwanakheri alimtazama Ubwa. "Lingine unalo? Maana kama unalo, lilete, nna wakati."

Hakuwa nalo. Mtu anayetisha kwa siri, siri ikishasemwa, hubaki na kanzu yake tu.

Rahila aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake. Hakumuuliza Ubwa. Alimuuliza kijana aliyekaa nyuma ya mashine. "Hivi vitone, ni watu au ni simu?"

Ubwa alikohoa. "Afisa, kitaalamu tunachukulia kwamba..."

"Nimemuuliza yeye."

Abdulrazak alitazama vidole vyake. "Ni simu, Bi," alisema. "Baharini hatukupima kitu. Hatujui kuna nini."

"Nitakuonyesha kuna nini," alisema Mwanakheri kumwambia Rahila. "Leo bamvua, maji yanapwa mpaka mwambani, tena sasa hivi. Una macho. Vua viatu twende."

Hakuna aliyetarajia afisa akubali, hata Mwanakheri mwenyewe. Rahila alitazama saa, akatazama ile bahari buluu ukutani, kisha akainama akafungua viatu.

Njiani wanawake walikuwa wakiifuta ile programu kwenye simu zao, wakipokezana na kuelekezana, huyu hajui pa kubonyeza, huyu anacheka. "Na maji tutayajuaje?" mmoja aliuliza. "Kama mama yako alivyoyajua," alisema Saadiya. "Kwa kutazama mwezi."

Waliingia kwa mafungu, kanga zimefungwa vibwebwe, kila mmoja kwenye kipande chake. Kutoka ufukweni huwezi kuona kitu. Ni mpaka uingie ndipo vigingi vinapokutokea, safu baada ya safu, na kati yake kamba zilizonenepa mwani wa kahawia, zikielea hadi karibu na povu la mwambani. Rahila alikwenda akijikwaa, baibui limelowa mpaka mapajani, karatasi kaziinua juu ya kichwa. Alipita kamba kwa kamba akiuliza hii ya nani, mpaka wake unafika wapi, nani alikupa. Wanawake walimjibu bila kuacha kazi, kwa sababu bamvua halimngoji afisa. Abdulrazak alimfuata nyuma akimshikia kalamu, suruali kaikunja magotini. Ubwa alibaki pwani na viatu vyake, karibu na ile ndoo, na Saadiya alikuwa amekaa juu ya mfuniko wake.

Maji yalipoanza kurudi, Rahila alipaza sauti ili ifike mpaka ufukweni.

"Bwana Ubwa! Ombi lenu linasema eneo hili halina watu. Nimewaona na nimewaandika. Ombi linarudi kwenu!"

Vigelegele vilipasuka kutoka kamba hadi kamba. Ubwa alijibu kitu ambacho upepo ulikichukua. Mwanakheri alijua atarudi. Watu wa namna ile huondoka kwenda kutafuta mlango mwengine. Arudi. Atawakuta.

Rahila alimfikia yeye mwisho. Akamwandika jina, akaandika na mipaka ya shamba lake, kigingi hadi kigingi. Kisha kalamu ikasimama kwenye safu ya mwisho ya karatasi.

"Hapa wanataka namba ya simu, Bi Mwanakheri. Za wote. Ili tukiwahitaji tuwapate."

Mwanakheri alivuta fundo la kamba kwa meno, likakaza, akatema chumvi.

"Namba hatutoi," alisema. "Mkitutaka, njooni maji yakipwa."